Romeo na Juliet: Shairi la Pili Lililokatizwa

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa binamu yangu, katika ukumbi mmoja wa Mbagala. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri, alipowaita bwana na bibi harusi watarajiwa mbele ya meza kuu, alipaza sauti: "Tunawaombea mpendane kama Romeo na Juliet!" Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi kuliani kwangu akila pilau lake polepole, akaniinamia.

"Hao walijaliwa watoto wangapi?"

"Hawakujaliwa, shangazi. Walijiua wote wawili. Hata wiki haikwisha tangu waonane."

Akaweka kijiko chini. "Na huyu kijana ndiyo anawaombea hawa watoto hayo?"

Swali hilo sikulijibu pale ukumbini, kwa sababu muziki ulianza. Lakini nimerudi nalo nyumbani, na jibu langu limebadilika mara mbili.

Jibu la kwanza lilikuwa jepesi, na watu wengi makini hulitoa: pale hakuna mahaba, kuna papara. Romeo anaingia kwenye hadithi akimlilia msichana mwingine kabisa, Rosaline. Anajifungia chumbani na kuziba madirisha mchana kweupe ili apate giza la kuhuzunikia. Jumapili usiku anajipenyeza kwenye karamu ya maadui wa baba yake ili akamtazame huyohuyo Rosaline, macho yanatua kwa Juliet, na Rosaline kasahaulika. Jumatatu wamefunga ndoa ya siri. Kabla wiki haijaisha wamekufa, na si wao peke yao. Mercutio, rafiki wa Romeo, amekufa; Tybalt, binamu wa Juliet, amekufa; Paris, aliyemchumbia Juliet, amekufa; na mama yake Romeo amekufa kwa majonzi ya mwanawe kufukuzwa mjini. Maiti sita kwa penzi la siku chache.

Tena Shakespeare aliibana hadithi hii kwa makusudi. Shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambalo ndilo alilolifanyia kazi, linawapa wapenzi hawa miezi. Yeye aliikamua miezi ikawa siku. Juliet wa Brooke ana miaka 16. Wa Shakespeare hajatimiza 14, zimebaki wiki mbili na ushei.

Kwa hesabu hizo nilikuwa tayari kuandika makala ya kumuunga mkono shangazi, yakaisha. Wengi wetu tulimjua Shakespeare kupitia *Mabepari wa Venisi* ya Mwalimu Nyerere, na hii ya Romeo tuliijua kwa kusikia tu, kama mshereheshaji wetu. Nikaona si haki kuihukumu kwa kusikia. Nikaisoma upya, safari hii kalamu mkononi, na nikakwama kwenye karamu.

Pale wanapokutana, Romeo anamshika Juliet mkono na kumwambia mistari minne yenye vina vya kupishana. Anajifananisha na hujaji aliyefika mahali patakatifu. Juliet hashuki macho wala hakimbii. Anajibu kwa mistari minne yake, na katika hiyo minne anachukua kina kimojawapo cha Romeo na kumrudishia kilekile, akimwambia kwamba hujaji mwema huugusa mkono wa mtakatifu kwa kiganja, na inatosha. Kisha wanaanza kukatiana: huyu mstari mmoja, yule mmoja, huyu miwili, yule mmoja, na wa mwisho anaufunga Romeo. Ukihesabu unakuta mistari 14 kamili. Mistari 14 ndiyo kipimo cha soneti: wametunga shairi zima papo kwa papo, watu wawili ambao hawajatajiana hata majina.

Msomaji wa Kiswahili anahitaji maelezo machache sana hapa. Tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, na hadi leo kwenye kurasa za mashairi za magazeti yetu, tunajua maana ya mtu kukujibu kwa vina vyako mwenyewe. Anayejibu kwa vina vyako amekusikiliza. Hakusubiri tu zamu yake ya kusema; amelichukua neno lako, amelipima, amekurudishia likiwa na kitu chake ndani. Huwezi kufanya hivyo na mtu usiyemheshimu akili.

Sasa mrudie Rosaline. Katika tamthiliya nzima hatamki neno hata moja, wala haonekani jukwaani. Maneno yote ya Romeo juu yake ni ya mtu anayeongea na ukuta: moto wa baridi, moshi unaong'aa, unyoya wa risasi. Maneno mazuri, lakini hakuna anayeyajibu. Kilichobadilika usiku ule wa Jumapili ni kwamba kwa mara ya kwanza amepata wa kumjibu.

Basi wanaanza shairi la pili. Mistari minne imeshatoka. Yaya anaingia: "Bibie, mama yako anakuhitaji." Shairi linakatika hapo, na halimalizwi kamwe.

Hapo ndipo jibu langu lilipogeuka. Mahaba yamo kwenye hadithi hii, tena ya kweli. Yamo mahali ambapo mshereheshaji hayatazami. Tumefundishwa kuyatafuta kaburini, kwenye sumu na jambia, kana kwamba kufa pamoja ndiko kilele cha kupendana. Mimi nasema mahaba yao ni kule kujibizana, na kaburi ni mahali ambapo kujibizana kumekatika. Ukiisoma tamthiliya hivyo, kila kifo ndani yake kinatokea pale ambapo neno halikusemwa, au lilisemwa na halikusikilizwa, au liliandikwa na halikufika.

Tazama dirishani, usiku uleule. (Kibaraza maarufu cha Juliet, kwa njia, hakimo kwenye maandishi ya Shakespeare, ana dirisha tu.) Romeo anataka kuapa kwa mwezi, Juliet anamkataza, maana mwezi ni kigeugeu. Anamwambia waziwazi kwamba mapatano haya ni ya haraka mno, ya ghafla mno, kama radi inayozimika kabla hujasema "ile pale inamulika". Kisha binti huyu anafanya jambo la kiutendaji ambalo washairi wa kadi za Valentine hulipita: anapanga njia ya mawasiliano. Kama nia yako ni njema, anasema, kesho nitamtuma mtu kwako, nipe jibu kupitia kwake. Nimtume saa ngapi? Saa tatu asubuhi. Penzi lao linaanza na mpango wa kupeleka na kupokea habari.

Halafu milango inaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine.

Romeo anataka amani na Tybalt, ambaye kwa ndoa ile ya siri sasa ni shemeji yake. Anamwambia nina sababu ya kukupenda, lakini sababu yenyewe hawezi kuitaja. Kwa sababu moja isiyotajika, watu wawili wanakufa barabarani na Romeo anafukuzwa Verona. Baba yake Juliet, mzee Capulet, ambaye mwanzoni alimwambia Paris asubiri miaka miwili kwa sababu wanaoolewa mapema huharibika mapema, anabadilika ghafla na kupanga harusi Alhamisi. Juliet anapiga magoti kuomba asikilizwe. Baba anamjibu kwa maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi na bado yananiumiza: usiseme, usijibu, usinirudishie neno, vidole vinaniwasha. Ukikataa, ujinyonge, uombe omba, ufe njaa barabarani. Juliet anamgeukia mama. Mama anasema: usiseme nami, sitatamka neno, fanya utakalo, nimemalizana nawe. Anamgeukia yaya aliyemnyonyesha, aliyekuwa tarishi wa penzi lenyewe. Yaya anamshauri aolewe tu na Paris, maana yule wa kwanza ni sawa na mfu.

Watu wazima watatu ndani ya chumba kimoja, na kila mmoja amekataa mazungumzo kwa namna yake. Binti ana miaka 13.

Umri huo siwezi kuupita. Kuna wanaosema zamani zile ndivyo ilivyokuwa, na mama yake Juliet anasema hivyohivyo: katika umri wako mimi nilikuwa nimeshakuzaa. Hoja hiyo tunaifahamu sana hapa kwetu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kwa hiyo ninaposema mahaba yamo, sisemi kwamba mtoto wa miaka 13 alipaswa kuolewa na yeyote, awe Paris au Romeo. Padri Laurence, aliyewaozesha kwa siri akitumaini ndoa itapatanisha koo mbili, alikuwa mtu mzima na alipaswa kujua. Alitumia watoto kama dawa ya ugomvi wa wazee. Nimewahi kusikia watu wakimwita padri huyu mwema. Mimi naona alikuwa na nia njema na ujasiri haba, na tutamwona tena kaburini.

Sasa tufike kwenye barua, maana hadithi nzima imening'inia hapo.

Padri anampa Juliet dawa ya kumfanya aonekane amekufa kwa saa 42, na anaahidi kumwandikia Romeo aliyeko Mantua aje amchukue atakapozinduka. Barua anapewa mtawa mwenzake, John. Huyu anakwenda kutafuta mwenzake wa kusafiri naye, anamkuta anahudumia wagonjwa, na wakaguzi wa mji wanawashuku kwamba wametoka kwenye nyumba yenye tauni. Mlango unafungwa kwa lakiri, wao ndani. Barua haikutoka Verona. Watazamaji wa London hawakuhitaji kuelezwa, kwani kati ya 1592 na 1594 kumbi zao za maigizo zilikuwa zimefungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya tauni. Sisi tuliopita mwaka 2020 pia hatuhitaji kuelezwa jinsi mlango unavyofungwa ukiwa upande wa ndani.

Wakati barua ya kweli imefungiwa, habari isiyo ya kweli inakwenda kwa farasi. Balthasar, mtumishi wa Romeo, ameona Juliet akizikwa na amekimbia Mantua kutoa taarifa kwa moyo mwema kabisa. Sikiliza kinachofuata. Romeo anamuuliza kama ameleta barua kutoka kwa padri. Anauliza tena: huna barua yangu kutoka kwa padri? Balthasar anajibu, sina, bwana wangu. Na Romeo anasema: haidhuru.

Haidhuru! Alijua kwamba padri ndiye mwenye habari. Alijua barua inapaswa kuwepo. Mtumishi wake amemsihi awe na subira, uso wako umepauka, naogopa utafanya jambo baya. Naye, baada ya neno hilo moja, anaanza kukumbuka duka la muuza dawa alilolipita siku moja, maskini aliyekonda hadi mifupa, ambaye kwa dukati 40 atauza sumu ingawa sheria ya Mantua inamhukumu kifo.

Nilimsimulia shangazi kipande hiki wiki moja baada ya sendofu, nyumbani kwake, akichambua mchele. Mumewe marehemu alifanya kazi reli, Tabora, na kwa miaka miwili ya kwanza ya ndoa yao waliishi kwa barua, yeye akiwa Morogoro. Aliniambia kuna mwezi mmoja barua haikuja. Watu walishamletea maneno: kuna aliyesema mzee kapata mke mwingine, kuna aliyesema anaumwa. "Nilikwenda posta," akasema. "Nikaenda na kesho yake. Nikaenda na Jumatatu. Barua isipokuja unakwenda posta kuuliza, mwanangu. Huendi kununua sumu." Barua ilikuja siku ya tisa, mzee alikuwa amehamishiwa stesheni nyingine. Aliendelea kuchambua mchele.

Kaburini, Romeo anafanya kile alichokuwa akifanya kwa Rosaline. Anatoa hotuba ndefu kwa mtu asiyejibu. Na katika hotuba hiyo, Shakespeare ameweka maneno ambayo kila ninapoyafikia natamani kuingia jukwaani nimshike mkono: Romeo anaona kwamba midomo na mashavu ya Juliet bado ni mekundu. Anaona! Anashangaa kwa sauti: mbona bado ni mzuri hivi, mbona kifo hakijamshinda? Ushahidi kwamba mkewe yu hai umo kinywani mwake mwenyewe, naye anaugeuza kuwa sitiari. Zimebaki dakika chache binti azinduke. Anakunywa.

Jambo moja la historia ndilo lililonithibitishia kwamba siyazui haya. Katika hadithi za Kiitaliano zilizotangulia, ya Luigi da Porto na ya Matteo Bandello, Juliet anazinduka kabla Romeo hajakata roho. Wanazungumza. Wanaagana. Baadaye sana, mwaka 1748, mwigizaji David Garrick wa London aliyarudisha maagano hayo: aliandika mazungumzo mapya kabisa ya kaburini, Juliet anaamka, Romeo anafurahi hadi anasahau kwamba ameshakunywa sumu, kisha wanaongea hadi anapokufa. Watu walilia na kuipenda, na toleo hilo likatawala majukwaa kwa karibu miaka 100, hadi Charlotte Cushman, mwigizaji mwanamke wa Marekani aliyejitwalia nafasi ya Romeo, alipoyarudisha maneno ya Shakespeare jijini London mwaka 1845.

Kwa nini watu walilipenda toleo la Garrick kiasi hicho? Naamini ni kwa sababu walitaka kifo hicho kiwe cha kimahaba, na walihisi bila kuambiwa kwamba hakiwezi kuwa cha kimahaba kama wapenzi hawasemezani. Wakaongeza mazungumzo. Shakespeare aliyanyima. Romeo anakufa akiongea na ukimya, na Juliet anaamka akiongea na maiti. Hata padri, mtu pekee aliyebaki wa kusema naye, anasikia askari wa doria wanakuja, anamwambia sithubutu kukaa zaidi, anakimbia. Anamwacha mtoto na maiti mbili na jambia. Sioni mahaba hapo. Naona ukiwa, na naona mwandishi aliyetaka tuuone ukiwa huo bila pazia.

Najua kuna watakaonipinga kwa moyo kabisa. Watasema mtu aliyekubali kufa kwa ajili ya mwenzake amethibitisha kuliko maneno yote. Nawaelewa, na hoja yao ni ya zamani kuliko Shakespeare. Lakini Romeo hakufa kwa ajili ya Juliet. Kufa kwake hakukumwokoa na chochote, kulimuua. Mercutio alisimama mbele ya upanga badala ya Romeo, hilo nalielewa. Na ninaona kila siku jinsi wazo hili linavyotumika huku mtaani: kijana anamtumia binti meseji saa sita za usiku, ukiniacha najiua, na rafiki zake binti wanamwambia huyo ndiye anayekupenda kweli. Meseji hiyo inamfunga mdomo anayeipokea. Hawezi kuijibu kwa uhuru, maana jibu lolote lisilo "ndiyo" limeshageuzwa kuwa mauaji. Aliyeandika huenda anaumia kwelikweli na anahitaji mtu mzima wa kukaa naye usiku huohuo. Lakini tusimwambie binti kwamba hayo ndiyo mapenzi.

Palepale kaburini wale wazee wawili wanapeana mikono. Montague, baba yake Romeo, anasema nitamjengea Juliet sanamu ya dhahabu safi. Capulet anajibu kwamba ya Romeo itakuwa ya fahari hiyohiyo pembeni yake. Walioshindwa kuwapa watoto wao nusu saa ya kusikilizwa wanashindana kwa dhahabu.

Leo kule Verona kuna nyumba inayoitwa ya Juliet, yenye kibaraza kilichoongezwa karne ya 20 kwa ajili ya wageni. Watu huandika barua kwa Juliet kutoka nchi nyingi, na kipo kikundi cha watu wa kujitolea, Club di Giulietta, wanaozisoma na kuzijibu. Nililipenda jambo hili kuliko kibaraza. Binti aliyepotea kwa sababu ya barua moja isiyofika sasa anaandikiwa, na mwandishi anapata jibu.

Kama mshereheshaji angeniuliza awasomee nini maharusi watarajiwa, ningemwonyesha alfajiri ya Jumanne. Ndege analia nje. Juliet anasema ni ndege wa usiku, bado hakujakucha, kaa. Romeo anasema ni ndege wa asubuhi: nikienda nitaishi, nikikaa nitakufa. Kisha analegea, anajitoa kwa yale maneno makubwa anayoyapenda: basi na nikamatwe, na waniue, kama wewe unataka nikae mimi nimeridhika. Na hapo Juliet, ambaye sekunde chache tu nyuma alikuwa anambembeleza abaki, anabatilisha kauli yake yote. Ndiyo, ni ndege wa asubuhi, anasema, tena anaimba vibaya, ondoka hapa. Nenda, nuru inazidi.